Dosie ya Mke wa Mukendi

Jumatatu, 8 Machi

Rafu ya tatu, vivimbe vya shingo. Nimepangusa vioo vya picha ishirini na sita. Viwili vimepasuka, nimevifunga kwa gazeti. Ni picha za wakati wa Wabelgiji. Mgonjwa ameketi, ameshika kibao chenye namba yake ya kazi, na kando ya kivimbe kuna rula ya mbao. Marovu ni mengi, hasa ya watu wa juu ya mto Lualaba. Mmoja rovu lake limefika kifuani, naye anatazama kamera kama mtu aliyeitwa ofisini bila kuambiwa sababu. Nyuma wameandika kwa Kifaransa: iodini miezi sita, halafu kisu, halafu siku ya kurudi mgodini.

Karibu kila picha ya zamani ina chale za mganga kuzunguka uvimbe. Madaktari hawakuziandika. Mimi naziandika pembeni kwa penseli. Hakuna aliyeniagiza. Lakini atakayezisoma kesho ajue shingo hiyo ilipitia mikono miwili.

Mukendi hajaja kazini. Leo siku ya nne.

Jumanne, 9 Machi

Jina la Mukendi limebandikwa ukutani. Yumo kwenye orodha ya waliosimamishwa kazi. Wote ni Wakasai, watu wenye asili ya Kasai. Redio inasema warudi kwao. Kwao kwa Mukendi ni nyuma ya soko, alizaliwa pale. Kasai aliiona mara moja tu, akienda kuzika babu yake, akarudi analalamika juu ya mbu.

Yeye ndiye mpiga picha wa hospitali yetu ya mgodi hapa Kolwezi. Anapiga kivimbe kabla ya kisu na baada ya kisu, mimi naandika maelezo na kuhifadhi. Miaka kumi na tisa tumefanya hivyo. Miaka kumi na tisa tumegombana kuhusu rula: yeye anaiweka kushoto, mimi nataka kulia. Vilevile hospitali inataka picha ianzie shingoni, uso usionekane. Yeye anapiga uso pia. Alikuwa akisema kivimbe bila mwenyewe ni nyama ya buchani. Kichwa kigumu.

Nimekula mihogo peke yangu. Ukimya wa chumba hiki sikuuzoea, na siupendi.

Alhamisi, 11 Machi

Katibu mpya wa hospitali ameleta amri. Dosie zote, yaani mafaili ya matibabu, za waliosimamishwa zitoke kwenye rafu za wagonjwa, zishuke chini ya ngazi pamoja na vioo vya zamani. Nimeanza. Kazi ya wiki mbili.

Dosie zetu hazipangwi kwa majina. Zinapangwa kwa namba ya kazi ya mwanamume. Yeye ni namba yenyewe, mke wake ni namba hiyo hiyo na herufi A, watoto ni B, C, D, hadi herufi ziishe au mama achoke. Mume akifutwa, nyumba nzima inafutwa. Ni utaratibu mzuri. Nimeutetea mbele ya madaktari wengi waliokuja na akili zao za Ulaya. Majina ya hapa yanafanana mno. Nikifuata majina nitampa mtu dawa ya jirani. Kwa hiyo siangalii jina wala sura, naangalia namba.

Mimi mwenyewe naitwa Ilunga. Waluba wa hapa Katanga wana akina Ilunga, na Waluba wa Kasai nao wanao, tele. Jana vijana wa chama kinachowafukuza Wakasai walinisimamisha karibu na daraja. "Weye Ilunga wa wapi?" Nikasema wa Lubudi. Nikasema Kiluba cha kwetu, maneno ya shambani, mpaka wakacheka wakaniachia. Niliogopa sana.

Jumamosi, 13 Machi

Mukendi alikuja asubuhi kwenye dirisha la chumba cha dosie. Hakuingia. Nyumba yake imechomwa. Kamera, vitanda, cheti cha ndoa, picha zote za ukutani, kila kitu. Yeye na mkewe na watoto wanakaa stesheni na wengine mamia, wanangoja treni ya Kasai. Aliyasema haya kwa sauti ya mtu anayesoma orodha.

Alitaka kitu kimoja: dosie ya mkewe, Mama Ngalula. "Tata Ilunga, bila ile karatasi, kule munganga wa hospitali atamuangalia na macho tu."

Habari yenyewe naijua, nimeihifadhi mimi. Desemba Mama Ngalula alitolewa kivimbe kwenye titi la kushoto. Kipande kikapelekwa Lubumbashi kuchunguzwa. Jibu likaja Februari: kansa. Titi lote litolewe, upesi. Wiki ile ile daktari wa kisu akaondoka nchini. Hapa desturi ni kumwita mume, kwa kuwa yeye ndiye mwenye namba. Mukendi aliitwa, akaambiwa, akatia sahihi. Mukendi hajamwambia mkewe mpaka leo. Mama anadhani jibu bado halijafika.

Nilimjibu kwamba dosie haitoki bila sahihi ya daktari mkuu. Daktari mkuu hatunaye tangu Januari. Mukendi anajua hivyo. Nilisema tu. Alinishukuru, akaenda.

Ameshukuru nini?

Jumapili, 14 Machi

Misa. Padri amehubiri juu ya jirani, kwa uangalifu, bila kumtaja jirani yeyote. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu, pale walipozoea kukaa Wakasai wa kwaya. Wimbo wa kutoa sadaka ulikosa sauti ya pili.

Sikulala vizuri mchana. Nimejiona mtu mdogo.

Jumatatu, 15 Machi

Nimeitoa. Saa ya chakula nilishuka chini ya ngazi, giza nusu, nikafuata namba ya Mukendi ambayo naijua kama yangu, nikachomoa bahasha ya A. Sikuifungua. Niliifunga kwa gundi nikaitia ndani ya koti. Mlinzi wa mlango alinisalimu. Nikamsalimu na mimi, hata nikamuulizia watoto.

Stesheni watu wamefunga maturubai kati ya reli. Vyungu, cherehani, mbuzi mmoja. Vijana wa chama wamesimama pembeni wanatazama nani anakuja kuwaona. Mukendi alipokea bahasha kwa mikono miwili. Mama Ngalula alinitafutia kikombe. Amekonda. Alinitania kwamba nimeleta mikono mitupu, hata mkate sina. Nikanywa chai yao, na sukari yao, nikaondoka.

Kijana mmoja alinifuata hadi barabara ya lami, kisha akaacha. Nimefika nyumbani nimelowa jasho lakini nafurahi. Nimefanya jambo. Nimemwambia mke wangu, naye akasema nisirudie.

Alhamisi, 18 Machi

Vivimbe vya mgongo, vya mafuta. Vibarua wa zamani waliobeba mataruma ya reli begani. Kimoja kimepimwa kwa rula mbili, moja haikutosha. Matibabu: "hakuna, mgonjwa hakulalamika". Picha ya mwaka uliofuata, mgonjwa yule yule, kivimbe kile kile, kimezidi. "Hakuna, mgonjwa hakulalamika."

Treni haijaja. Wanasema imekwama Nzilo, wengine wanasema haijaondoka Likasi.

Jumanne, 23 Machi

Nimekosea. Naandika polepole nisijifiche.

Nilikuwa namalizia kushusha dosie. Kwenye fungu la Mukendi nikakuta bahasha ya pili ya A. Namba ile ile, herufi ile ile. Nikaifungua. Ndani kuna picha ya Mama Ngalula, rula kushoto kama kawaida ya Mukendi, na karatasi ya Lubumbashi.

Basi ile niliyompa ni ya Mbuyi.

Mbuyi alikuwa mke wa kwanza wa Mukendi. Alifariki miaka mitano iliyopita akijifungua, na mtoto pia. Nilikwenda matangani, nilikaa siku mbili. Yeye alikuwa A. Ngalula alipoolewa akawa A, maana mke ni A. Sheria ni kwamba bahasha ya marehemu ichorwe msalaba mwekundu, ihamishwe rafu nyingine. Anayepaswa kuchora msalaba ni mimi. Sikuchora. Pengine siku ile nilikuwa bado nina huzuni, pengine nilikuwa mvivu. Sikumbuki.

Mbuyi naye aliwahi kuwa na kivimbe kwenye titi. Kilikuwa kidogo, kikatolewa, karatasi yake, yenye namba tu bila jina, inasema: hakuna hatari, hakuna matibabu zaidi. Titi la kushoto vilevile.

Daktari wa kule ataona kovu la kushoto, atasoma karatasi, atamwambia mama nenda nyumbani. Atamwamini karani wa Kolwezi kwamba ameandika sawa. Mama atangoja, na kansa haitangoja.

Nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Jumatano, 24 Machi

Sikwenda. Asubuhi ukuta wa nyumba yetu umeandikwa kwa mkaa: ILUNGA KASAI, na alama ya kuuliza. Mke wangu ameosha kwa maji na majivu, lakini bado inasomeka. "Tata, tuko na batoto. Leo usitoke."

Sikutoka. Ningeweza kuandika kwamba ni kwa ajili ya watoto. Ni woga.

Alhamisi, 25 Machi

Sikwenda. Bahasha iko chini ya godoro. Nimekaa juu yake kama kuku.

Ijumaa, 26 Machi

Nimekwenda. Stesheni imefagiliwa. Treni imeondoka jana saa kumi, mabehewa ya mizigo, watu hadi juu ya mapaa. Pamebaki mawe ya mafiga na kiatu kimoja cha mtoto. Jana saa kumi nilikuwa nimeketi nyumbani natengeneza redio.

Karani wa reli ananifahamu. Anasema kichwa cha treni ni kibovu, watasimama Lubudi siku mbili au zaidi kungoja kingine kutoka Kamina. Lubudi ni kwetu. Mtu hawezi kuniuliza naenda kufanya nini kwetu.

Jumamosi, 27 Machi

Mke wangu amenifungia unga na samaki wakavu. Kisha akasema neno moja: nikifika, nimpe Mama Ngalula kitenge chake cha bluu. Amekiweka juu ya unga.

Nimepata lori la Mzee Ramazani, Mwislamu wa asili ya Kasongo, anakwenda Lubudi kuchukua mahindi. Nilianza kumweleza sababu ya safari, akanikata na kunionyesha kiti kando yake. "Ikala mbele. Bakiuliza, weye njo karani yangu." Vizuizi vinne. Kila kimoja nimekuwa karani wa mahindi. Mvua. Tumekwama matopeni na kusukuma hadi giza likaingia. Bahasha iko kifuani, imefungwa kwa plastiki ya chumvi.

Jumapili, 28 Machi

Lubudi. Treni ipo. Imesimama nje kidogo ya stesheni, ndefu, milango wazi, nguo zimeanikwa kwenye vyuma. Watu wanajisaidia kandokando, harufu ni kali. Watoto wengi wanahara. Nimetembea behewa kwa behewa nikiita.

Mukendi alikuwa anaokota kuni. Nilimwonyesha bahasha nikaanza kueleza habari ya A mbili na msalaba mwekundu. Hakunyoosha mkono. "Minajua. Niliifungula siku ile ile."

Aliona uso wa Mbuyi. Aliupiga picha mwenyewe, kichwa kigumu, kinyume cha sheria ya hospitali. Nyumba ilipoungua hakubakiwa na picha nyingine ya Mbuyi, hata moja. "Nilizania ulifanya makusudi," alisema. Alidhani nimemtunzia picha hiyo.

Kisha akanieleza mengine. Stesheni ya Kolwezi kulikuwa na muuguzi, Mkasai mwenzao. Mama Ngalula alimpelekea karatasi amsomee, bila kumngoja mume. Muuguzi akasoma: hakuna hatari. Mama alicheka, alilala usiku ule wote, akaanza kula. Mukendi akanyamaza. Wiki mbili amenyamaza. Alisema ni mara ya kwanza tangu Desemba kumsikia akiimba. Sasa akaniomba nimpe yeye bahasha, kimya. Wakifika Mwene-Ditu, kule Kasai, atampa daktari mkononi, mama asijue mpaka hapo.

Nikakubali. Ilikuwa sawa na utaratibu, mume ndiye mwenye namba. Nikamwomba na ile ya Mbuyi niirudishe, maana ni mali ya hospitali. Nililisema hilo kweli, pale katika matope, mbele ya mtu asiye na nyumba.

Mama Ngalula alikuwa nyuma yetu na ndoo ya maji. Sijui alisimama tangu lini. Aliweka ndoo chini. "Ile bahasha ni ya nani?" Nikataja namba. Akasema hakuuliza namba. Mukendi aligeuka akatazama mlima.

"Unisomee miye," alisema.

Miaka kumi na tisa naandika chini ya vivimbe vya watu, na sikuwahi kumsomea mwenye kivimbe. Nilitoa karatasi. Nikageuza Kifaransa kuwa Kiswahili, neno kwa neno, maana sijui njia nyingine. Kansa. Titi lote. Upesi. Tarehe. Jina la daktari sikuliweza kusoma, nikasema hivyo. Sauti yangu ilikuwa kavu na nilijichukia.

Hakulia. Alitia mkono chini ya blauzi, kwapani. Alisema kuna kingine huku, kimetokea, sasa inafika juma mbili. Alikigundua asubuhi ya pili baada ya muuguzi kumsomea. "Nilinyamaza juu yake. Nilimuona anafurahi."

Mukendi alikaa chini, palepale juu ya kuni zake. Mama alimwekea mkono kichwani, kisha akachukua bahasha kutoka kwangu akaikunja ndani ya nguo. "Hii nitabeba miye. Na ile ya Mbuyi umuachie. Hana ingine."

Nimemwachia. Nimetoa kitenge na unga. Tumekula pamoja, samaki na ugali. Mukendi aliniambia rula iwekwe kushoto kwa sababu mwanga wa chumba chetu unatoka kulia; rula ikikaa huko, kivuli chake kinaficha namba ya mgonjwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kunieleza sababu, na mimi sikuuliza.

Jumatano, 31 Machi

Nimerudi Kolwezi na mahindi. Homa kidogo. Katibu ameuliza nilikuwa wapi, nikasema msiba. Ameandika msiba.

Treni iliondoka Lubudi Jumatatu alfajiri. Nimeambiwa na dereva wa Mzee Ramazani.

Jumatano, 14 Aprili

Hesabu ya dosie zilizoshushwa. Zinapungua mbili. Katibu anataka maelezo kwa maandishi. Nimeandika kwamba zimechukuliwa na wenyewe, na nimetia sahihi yangu kamili. Amesoma, amenitazama, ameiweka karatasi kwenye droo. Sina wasiwasi. Akitaka kunifukuza nirudi kwetu, anajua Lubudi iko wapi.

Leo amekuja mwanamke wa Mutshatsha na kivimbe cha shavu. Hakuna mpiga picha. Nilipiga mwenyewe kwa kamera ya zamani. Picha imetoka na ukungu.

Alhamisi, 22 Aprili

Hakuna habari. Watu wengine wanapita wakielekea stesheni, treni ya tatu sasa. Siendi kuangalia.

Jumatano, 19 Mei

Amekuja mtu wa reli, mshika breki wa treni ya Kamina, wenzake humwita breki tu. Alinitafuta hospitali akiwa na ujumbe wa mdomo, kutoka kwa Mama Ngalula, Mwene-Ditu.

Alikatwa titi wiki moja baada ya Pasaka, na kile cha kwapani pia. Daktari alisoma karatasi, hakupoteza siku. Mkono wa kushoto hauinuki bado. Anaishi kwa shemeji yake, anauza maharage. Anasema asante, na kitenge anakivaa.

Mukendi hakufika. Kuhara kulimshika baada ya Lubudi, siku tatu tu. Walimshusha kabla ya Kamina, wakamzika kando ya reli na wengine watano. Breki alisaidia kuchimba. Aliona mama akitoa picha ya mwanamke kutoka kwenye bahasha, akaitazama, akaiweka ndani ya shati la marehemu upande wa moyo, akafunga vifungo. Breki alidhani ni picha ya mama mwenyewe, akamwambia angebaki nayo kwa ajili ya watoto. Mama akamjibu kwamba huyo ni mke wa Mukendi.

Nilimpa breki chai. Alikunywa amesimama, treni yake ilikuwa inaondoka saa nane. Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu. Alishusha chungu motoni, akaja kukaa nami kwenye benchi mpaka jioni.